Mafiga ya Odile

Wamaza, 29 Agosti 1954

Mukwe wangu Mama Octave,

Tumsifu Yesu Kristu. Ukijibu "milele amina" nitasikia hata huku. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti la kushoto limekuachia nafasi ya kutembea, na mwanetu Octave anaendelea vizuri na ukarani wake wa serikali pale biro ya teritwari. Odile je? Msalimie. Sisi huku tu wazima, isipokuwa baba yake Odile ana kikohozi cha vumbi, na agronomu, yule bwana shamba, amepita tena kupima shamba letu la pamba kana kwamba pamba inaliwa. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi nilizofundishwa na masista, kwa hiyo usicheke mistari ikipanda mlima.

Mukwe, sina neno. Nakusalimu tu. Ila kiangazi kinaisha, na jana nilikuwa nyuma ya nyumba nasafisha bustani, nikaanza kuhesabu kwa vidole. Odile aliolewa akaingia ua wa lupango yenu mwezi wa nane, mwaka wa 1952. Miaka miwili sasa, na mvua mbili zimepita. Kwetu, mke kijana hupikia kwenye moto wa mama mkwe mpaka siku mama mkwe mwenyewe anapompa mafiga yake matatu na kipande chake cha bustani nyuma ya jiko. Unalijua hilo kuliko mimi. Na unajua pia kwamba mama wa binti hana ruhusa ya kuyaomba mafiga. Kwa hiyo siombi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini hayo ni maneno ya wahenga, si yangu.

Musafiri, yule mchuuzi wa baiskeli, anakuletea kibuyu kidogo kwa ajili ya Odile. Sisemi kilichomo. Utakifungua, na pua yako itakuambia yaliyobaki. Mwenye macho haambiwi tazama. Mvua ya kwanza iko karibu.

Mukwe wako akupendaye,
Sidonie, Mama Odile


Kasongo, 17 Septemba 1954

Mukwe wangu Mama Odile,

Milele amina. Nimejibu kwa sauti mpaka jirani akatoka nje kuuliza nani amekufa. Mimi mzima, goti linauma tu likisikia mvua. Octave leo mzima, wiki jana hakuwa mzima, nitakuambia. Maneno haya ni yangu, mkono ni wa Raphaël katekista, ambaye amepata miwani na sasa anajiona padri.

Asante kwa mbegu za maboga. Nilizikuta zimelala ndani ya majivu, nikasema ah, Mama Odile ni mwangalifu, hakutaka wadudu wazile njiani. Nikamwambia Odile azioshe. Akasimama na kibuyu mkononi kama aliyeona nyoka. Akasema, "Mama, hizi tuziweke kwanza." Nikamwambia, "Tuziweke ya nini? Mama yako anatuma chakula, siye tunaweka?" Nikaziosha mwenyewe, nikazikaanga, nikazitwanga, tukazipika na samaki wa Lualaba. Odile ndiye aliyekoroga. Mimi nilikula bila shida. Octave alitapika siku nzima, hakwenda kazini, na nilipomwuliza alisema, "Mama, chakula iko muzuri, ni tumbo yangu tu." Namjua mwanangu. Anamfunika mke wake.

Umegusa mafiga bila kuyagusa, mukwe, na mimi si mtoto, nimesikia. Basi nami niseme. Odile anapika, sikatai, lakini chakula chake hakina ladha. Sombe yake ni majani ya muhogo na maji. Mchicha wake wa lenga-lenga ni kama kutafuna hiyo pamba ya agronomu wenu. Nimemwonyesha mara mia. Halafu hana adabu ya jikoni: anafunua vyungu vyangu bila ruhusa, anainamisha uso, ananusanusa kama paka wa sokoni. Mwezi wa saba alimwaga kikapu kizima cha uyoga wangu mkavu, eti kilimwangukia matopeni. Mwezi wa saba, mukwe, katikati ya kiangazi! Matope hayo yalitoka wapi?

Mwanamke asiyeweza kutunza chakula cha mwenzake, nimpe moto wake atunze nini? Asubiri mwaka mwingine. Haraka haraka haina baraka, na hayo pia ni maneno ya wahenga.

Mukwe wako,
Emilienne, Mama Octave


Wamaza, 4 Oktoba 1954

Mukwe wangu,

Tumsifu Yesu Kristu, maana nisipoanza na yeye nitaanza na mengine. Goti lako nalitakia mema. Sisi ni wazima, ingawa mimi tangu Musafiri alipofika nimevunja vyungu viwili kwa hasira.

Umepika mbegu.

Zile hazikuwa chakula. Zilikuwa mbegu za kupanda, za lile boga lenye shingo ndefu ambalo bibi yangu alitoka nalo kwao Lusangi alipoolewa, akampa mama, na mama akanipa mimi siku nilipopata mafiga yangu. Nilizikausha kivulini siku tisa. Nilizichanganya na majivu na tumbako iliyosagwa ili wadudu wasithubutu, ndivyo tunavyotunza mbegu sote kutoka hapa mpaka Kabambare, na huko Kasongo hamfanyi vingine. Mtu yeyote akifungua kibuyu cha namna hiyo, tumbako inampiga puani kabla macho hayajaona kitu, anajua: hii ni mbegu, na nyumba hii ina binti anayengoja moto. Ndiyo maana sikuandika. Nilitaka kukuheshimu. Lakini mbuzi angejua, mukwe. Mbuzi angerudi nyuma. Na Octave hakutapika kwa mkono wa Odile, alitapika tumbako yangu.

Nimebaki na mbegu kumi na nne. Nimezipanda jana na nimezizungushia miiba.

Sasa la ladha. Odile nilimfundisha mimi. Akiwa na miaka tisa alijua kuanika uyoga juu ya utara wa jikoni, moshi uupite bila kuupika. Alijua kukausha majani ya kunde kivulini yasipoteze rangi, na kuchemsha mafuta ya mawese mpaka yakae mwaka. Siku aliyotwanga sombe hapa Wamaza, watu walikuwa na safari ghafla, na safari zote zilipita nyuma ya jiko langu. Mtoto yule yule amefika Kasongo na mkono wake umekufa?

Mvua imeanza. Asipopanda mwezi huu, huo ni mwaka wa tatu. Wenzake aliosoma nao wana moto wao, mtu akija wanampa chakula chao. Mimi nikimtembelea mwanangu atanipa nini? Ataomba ruhusa ya kunichotea maji?

Mukwe wako bado,
Mama Odile


Kasongo, 22 Oktoba 1954

Mama Odile,

Barua yako imesomwa. Raphaël alipofika kwenye mbuzi alikohoa, nikamwambia asome tu. Niko mzima, asante kwa kuniulizia kabla ya kunitukana.

Mimi ni mjane. Nimemlea mwana mmoja kwa bustani moja, na watu wa mtaa huu wote wamewahi kuja kwangu mwezi wa pili kuomba kunde kavu wakati kwao kumeisha. Nilikuwa natunza mbegu wewe ukiwa bado unanyonya. Sasa unaniambia sijui tumbako! Nasema mbele ya katekista, sikusikia tumbako yoyote. Labda ilikuwa ya zamani. Labda tumbako ya Wamaza ndivyo ilivyo.

Hata hivyo pole kwa mbegu. Nisingejua zilikotoka nisingejali, lakini bibi yako wa Lusangi amenikaa moyoni siku mbili.

Sisi ni watu wazima, tukigombana watoto wanasikia. Nakutumia kitu cha amani: chupa ya ndimu zangu za chumvi na pilipili, zile ulizokula siku ya harusi ukaomba nyingine ya kubeba. Ndimu ni za mti wangu nyuma ya jiko. Chupa ni ya konfitiri, ile jamu ya Wazungu, Octave aliileta kutoka biro, ina mfuniko wa bati. Nimezipasua, nimezianika, nimezishindilia mimi mwenyewe, Odile sikumruhusu hata kushika kisu. Jana aliposikia ni zako alipiga magoti: "Mama, chupa ile achana nayo, mi nitatengeneza ingine mupya, mama yangu atangoja." Unaona? Anataka sifa ziwe zake. Nikamwambia atoke mbele yangu.

Zifungue siku ya wageni. Watakuuliza umezitoa wapi.

Mukwe wako,
Mama Octave


Wamaza, 8 Novemba 1954

Mama Octave,

Salamu nitazileta siku nyingine.

Nilizifungua siku ya wageni kama ulivyosema. Walikuja shemeji zangu watatu. Wali umepakuliwa, kuku yuko mezani, nikawaambia watulie, kuna kitu cha mukwe wangu wa Kasongo, mtu wa mjini. Nilipogusa mfuniko uliruka wenyewe. Harufu iliyotoka mle sina neno lake, masista hawakutufundisha maneno ya namna hiyo. Povu lilimwagika juu ya kitambaa. Shemeji mkubwa alitoka nje na sahani yake na hakurudi. Musafiri anasema tangu Kasongo nzi walikuwa wanamsindikiza, akadhani ni yeye, akaoga mara mbili njiani.

Baba yake Odile aliniuliza mbele yao wote, "Hii njo heshima banatupatia kule Kasongo?" Nikakunja kitambaa na povu lake, nikakitupa nje.

Mtu akitaka kuvunja ukwe, anaita wazee, anasema. Hatumi uozo ndani ya chupa ya Wazungu. Mbegu zangu mmekula, mtoto wangu mmemfanya mtumishi wa moto wa mtu mwingine, na sasa hili. Kama Odile hamumtaki, semeni. Katikati ya Desemba lori la pamba litashuka Kasongo. Baba yake atakuwa juu yake, na atamrudisha pamoja na mkeka wake.

Sidonie


Kasongo, 20 Novemba 1954

Sidonie,

Nami sikusalimu, tuwe sawa.

Naapa mbele ya Raphaël na mbele ya rozari yangu: asubuhi ile ya kuituma niliifungua chupa. Niliinamia, nikanusa mimi mwenyewe. Haikuwa na harufu yoyote. Hata kidogo. Hakuna ndimu safi kuliko zile. Kama zimeoza, zimeoza Wamaza, mikononi mwa watu wa Wamaza.

Mje mumchukue! Mkeka nitaufunga mwenyewe. Octave ana siku nne anakula kichwa chini kama mfungwa. Odile analia akitwanga, analia akifua. Sikumpiga, sikumnyima kitu. Nani anayeonewa katika nyumba hii kama si mimi?

Na kwa kuwa tumefika hapa, chukua na haya, uyasome mbele ya shemeji zako. Jumanne mwanao alimwaga chungu kizima cha mafuta yangu ya mawese nyuma ya choo. Nilimwona kwa macho yangu haya. Akasema, "Imemwangika, Mama." Mafuta yanajipeleka chooni? Alhamisi alitoka mtoni mbio, ndoo imetupwa njiani, anapiga kelele, "Mama, maharagi inaungua!" Na mimi nimekaa hapo hapo, mkono mmoja kutoka kwenye moto, nachambua majani ya matembele, sikusikia kuungua kokote. Anataka majirani waseme Mama Octave amezeeka, hajui tena kutazama chungu. Kweli chini palikuwa peusi, lakini kidogo.

Nimechoka, Sidonie. Tangu yale mafua ya Pasaka yaliyonilaza wiki tatu, sijala chakula cha maana katika nyumba hii. Sasa hata nikipika kwa mkono wangu ni maji matupu. Nilibadilisha vyungu, nikabadilisha chumvi, nikang'oa vitunguu vyote nikapanda vingine, ni vile vile. Nakaa mbele ya sahani na hasira inanipanda, sijui nimkasirikie nani, namkasirikia yeye.

Mama Octave

(Mimi Raphaël nimeandika kama nilivyoambiwa. Mnisamehe wote wawili.)


Wamaza, 9 Desemba 1954

Mukwe wangu Emilienne,

Tumsifu Yesu Kristu. Uko mzima? Safari hii nauliza kweli.

Raphaël, kabla hujaendelea, funga mlango. Odile asiwepo, wala Octave. Soma polepole, na ukimaliza usahau.

Mukwe, barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, kwa hasira. Mara ya pili niliisoma bustanini nikaona jembe limesimama lenyewe. Mara ya tatu nikakaa chini. Unasema chupa haikuwa na harufu yoyote. Ndimu, mukwe! Ndimu za chumvi na pilipili, hata zikiwa nzima kabisa, zinakukaribisha toka mlangoni. Ungeniambia zilinukia vizuri ningesema umenidanganya. Lakini umesema hazikuwa na harufu, na mtu mwongo hasemi hivyo.

Hukusikia tumbako. Hukusikia ndimu. Hukusikia maharagi yanaungua nawe uko mkono mmoja kutoka kwenye moto. Na chakula cha kila mtu, hata chako, kimekuwa maji tangu wiki zile tatu za Pasaka. Nadhani mafua yale yaliondoka na pua yako. Pua ikiondoka ulimi unabaki mjane. Mama mkubwa wangu yalimpata hayo hayo. Tulimcheka, Mungu atusamehe, tulikuwa watoto.

Usiniamini mimi. Kesho fumba macho, Raphaël akuwekee chini ya pua kipande cha samaki mkavu na kipande cha kuni. Mwambie kipi ni kipi.

Halafu umfikirie Odile. Uyoga ule haukuanguka. Mafuta yale hayakumwagika. Nadhani yalikuwa yameharibika nawe hukujua, na yeye alikuwa anayatupa kabla hamjala, na ndiyo maana anafunua vyungu vyako na kunusa, maana mtu fulani katika nyumba hiyo lazima anuse. Ile chupa aliipigia magoti kwa ajili hiyo. Nina hasira naye kuliko wewe! Kila mwezi ananiandikia, "Mama, niko muzuri, mama mukwe iko muzuri," wakati mimi nakutupia mambuzi kutoka Wamaza. Hakuniambia hata mimi niliyemzaa.

Baba yake hatapanda lori. Nimemwambia ana kikohozi. Nisamehe la mbuzi, na la uozo, na lile la mtumishi.

Mukwe wako,
Sidonie


Wamaza, 2 Februari 1955

Mukwe wangu Emilienne,

Noeli imepita. Mwaka mpya umepita. Musafiri amepanda huku mara mbili mikono mitupu. Namwuliza Mama Octave anasema nini, ananijibu, "Hapana kusema kitu. Iko nakaa tu mulangoni ya jiko." Jibu gani hilo? Nikamwuliza kama umenuna au unaumwa, akasema yeye anauza chumvi na sabuni, haangalii nyuso za watu.

Odile ameandika mistari miwili: wote wazima, anatusalimu. Na huyu naye siku moja nitamvuta masikio, mke wa mtu au si mke wa mtu.

Kama nilikosea kuhusu pua, nitukane, nimezoea. Kama sikukosea, nitukane vile vile. Ila andika. Nakaa na barua zako kwenye kopo la chumvi, nazisoma za zamani, zile za hasira, naona heri zile.

Mbegu zangu kumi na nne ziliota tisa, na zimezaa. Nakutumia nyingine, hazina haja ya kungoja mafiga, ziwe zako au za Odile, mtajua wenyewe. Safari hii nimeandika kwa makaa juu ya kibuyu: MBEGU. Si kwa kukucheka. Sitaki tu kurudia ujinga wangu wa kuheshimu mtu mpaka nakosa kumwambia jambo.

Hali yako je? Niambie hali yako.

Mukwe wako,
Sidonie


Kasongo, 27 Februari 1955

Mukwe wangu Sidonie,

Milele amina. Niko hai. Unaandika sana.

Nilifanya ulivyosema, siku ile ile. Raphaël aliweka cha kwanza, akaweka cha pili. Nikamwambia cha pili ndicho samaki. Nilipofumbua macho alikuwa anafuta miwani, na kuni ilikuwa bado chini ya pua yangu. Nikamfukuza.

Basi nikakaa. Umeniuliza kama nilinuna, ndiyo, nilinuna, na nilinuna kwa kila mtu. Kwa Octave aliyetapika tumbako akasema iko muzuri. Kwa Odile. Kwako wewe, uliyejua kutoka siku tatu za baiskeli jambo nililokuwa nimekaa nalo usoni mwangu. Sidonie, kazi yangu yote iko puani. Ndiyo inayojua mafuta yaliyochacha na mbegu iliyo hai. Nilikuwa namnusa Octave utosini nikajua homa inakuja kesho. Nilijiuliza mimi ni nani sasa katika jiko langu, nikaona aibu, na aibu nikaifanya ukimya, maana ukimya unaonekana kama heshima.

Baada ya Epifania nikamwita Odile. Nikamwuliza, "Unajua tangu lini?" Akasema, "Tangu mafua, Mama. Ulinipa maziwa ya kuchacha, ukasema ni mazuri." Nikamwuliza mbona hakusema. Akaangalia chini, akasema, "Niliona hivi: nikisema, utanipa moto kwa haya. Utasema nguvu yako imeisha, basi mutoto akamate. Mi sikutaka moto ya namna ile. Nilitaka unipe ukiwa unapenda."

Nikamwambia ni mjinga. Nikamwambia mara tatu. Mwaka mzima nimemwita mchafu na mwizi wa sifa, mbele ya majirani na mbele ya mama yake, na yeye anabeba tu, ananusa vyungu, anamwaga, anadanganya vibaya, maana hata kudanganya hajui, matope katikati ya kiangazi! Nikamwambia angesema tu. Akaanza kulia, nami nikalia, na wali ukaungua, na safari hiyo hakuna aliyesikia kwa sababu mwenye pua alikuwa kwenye magoti yangu.

Jumamosi iliyofuata nilimpa mafiga yake. Mawe niliyachagua mwenyewe mtoni, goti likalia lakini niliyachagua, Octave aliyabeba. Nilimpa kipande cha bustani kutoka kwenye mti wa ndimu mpaka kwenye ukingo, ni kizuri kuliko changu, usimwambie. Kibuyu chako kilifika, Raphaël alikisoma kwa sauti kama Injili. Nimempa Odile.

Jana alipika chakula chake cha kwanza, kwenye moto wake, kutoka kipande chake: lenga-lenga ya kusaga na karanga, matembele, na pilipili mbichi pembeni. Walikuja majirani, Raphaël na mke wake, na wanawake wawili walionisikia mwaka jana nikimsema. Unajua desturi, mama mkwe anaonja kwanza, anatoa neno, ndipo watu wanakula, na neno hilo ndilo linalomfanya mke kuwa mwenye nyumba. Wote wakanitazama. Odile hakunitazama, alishika mwiko kwa mikono miwili.

Nikaonja. Hakuna kitu, Sidonie. Joto, na ulaini wa majani, na pilipili ikichoma kwa mbali kama mtu anayeita kutoka ng'ambo. Nilitafuna muda mrefu, nikitafuta. Kisha nikamsogezea Octave sahani, nikamwambia, "Onja weye. Na leo usinifiche." Akaonja. Akachota tena, akachota tena, mpaka nikampiga mkono mbele ya wageni, karani mzima wa teritwari. Wale wanawake wawili walikuwa wameinua pua hewani, wanameza mate, wala hawakujua kwamba nawatazama.

Nikasimama, nikatoa neno. Nilisema chakula ni kitamu na nyumba ina mwenyewe.

Anapika vizuri, wanasema. Nimewaamini.

Mukwe wako,
Emilienne